Barghash: Sultani aliyependa marumaru na taa, akaipoteza pwani

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Donholm na Kayole, mwenye nyumba anapojaliwa fedha kidogo hupenda kuifunika saruji ya sebuleni kwa vigae vya miraba na nyota, kisha hutundika taa za ukutani ili wageni wauone urembo huo hata usiku.

Hamu hiyo ya kupamba sakafu kwa jiwe na ukuta kwa mwanga si ngeni katika Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliifuata kwa kiwango ambacho eneo hili lilikuwa halijawahi kukishuhudia.

Mtawala huyu alizaliwa Unguja mwaka wa 1837. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao ya utawala wake Zanzibar kutoka Oman. Mamake alikuwa suria kutoka Uhabeshi.

Barghash alikulia katika majumba ambamo ukuta haukuachwa mtupu. Kuta nene za mawe ya matumbawe zilichongwa zidaka, na ndani ya zidaka hizo zikapangwa sahani za kauri na vyombo vya kioo kutoka ng'ambo. Huko Kidichi, babake alimjengea mkewe Mwajemi, Shahrazad, mabafu yaliyopambwa kwa lipu iliyochongwa maua na ndege.

Hata hivyo, jumba lililokuja kuhusiana zaidi na maisha ya kijana huyu lilikuwa lile la shamba la Marseilles, mali iliyokuwa ya kakake Khalid. Sakafu zake zilikuwa za marumaru nyeupe na nyeusi zilizopangwa kwa zamu, na zilitoa ubaridi wakati wa jua kali. Kuta na dari za vyumba vyake, isipokuwa vile vya kuswalia, zilifunikwa kwa vioo. Mishumaa na taa zilipowashwa, mwanga ulirudishwa kutoka ukuta hadi ukuta na nyumba nzima ikameremeta.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856 akiwa safarini kutoka Oman. Barghash, aliyekuwa naye chomboni, alijaribu kutwaa madaraka lakini hakufaulu, na kiti kikamwendea nduguye Majid.

Mnamo 1859 alijaribu tena. Miongoni mwa waliomuunga mkono walikuwa dada zake Khole na Salme. Salme, aliyekuwa bado msichana mdogo, ndiye aliyewaandikia wenzake barua za njama hiyo. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada hao walimtoa akiwa amejifunika mavazi ya kike, naye akakimbilia Marseilles pamoja na wafuasi wake.

Majid aliomba msaada wa Waingereza. Mizinga ikaelekezwa kwenye shamba hilo, na jumba la vioo na marumaru likavunjwavunjwa. Barghash alirudi mjini, akasalimu amri na kupelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliishi takriban miaka miwili na kuona jinsi mji mkubwa wa bandari ulivyoendeshwa.

Majid alifariki Oktoba 1870, na hatimaye Barghash akakalia kiti alichokitamani kwa miaka 14. Lakini mikosi ilimwandama mapema. Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake. Mwaka uliofuata, balozi wa Uingereza John Kirk alimshurutisha, huku akimtishia kuzingira kisiwa kwa manowari, kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Mkataba huo ulitiwa sahihi Juni 5, 1873.

Mwaka wa 1875 alizuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria, kisha akapitia Ufaransa. Aliporejea alikuwa na ari ya kuufanya mji wake ulingane na ile aliyoiona ugenini. Aliagiza meli za moshi na mitambo ya kupiga chapa vitabu. Aidha, alivuta maji safi kutoka Chemchem hadi mjini, ambako wakazi walikuwa wamezoea visima vilivyowaletea maradhi.

Kisha akajenga. Kati ya 1880 na 1882 alisimamisha kasri la Maruhubi, nje ya mji. Mjini alimwagiza fundi Haji Gulamhussein ajenge mabafu ya Kiajemi ya Hamamni. Mabafu hayo hayakuwa ya ukoo wa kifalme pekee, bali yalifunguliwa kwa umma. Raia wa kawaida angeweza kuoga humo, ndani ya jengo lililotengenezwa kwa ustadi uleule uliokuwa wa kifalme.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikamilika mwaka wa 1883, mbele ya bahari. Lilikuwa jengo la orofa kadhaa lililozungukwa na roshani pana juu ya nguzo za chuma. Milango yake mikubwa ilichongwa na kunakshiwa aya za Kurani, na sakafu zake zikatandazwa marumaru kutoka ng'ambo. Ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwekewa taa za umeme. Watu waliozoea kandili na vibatari walipouona mwanga huo usiohitaji mafuta wala utambi, walistaajabu. Ndiyo maana jengo hilo linaitwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu.

Halikujengwa ili watu waishi humo. Lilikuwa la sherehe na mapokezi. Mgeni wa Ulaya alipokanyaga marumaru ile na kuona taa zile, alipaswa kutambua kuwa mwenyeji wake ni mfalme kamili, si chifu wa kuamrishwa.

Lakini urembo huo ulikuwa na gharama isiyoonekana ukutani. Utajiri wa Zanzibar ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha, na karafuu zilichumwa na watumwa. Soko lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali kisiwani hadi 1897. Majina ya walioponda chokaa, waliokata boriti mikokoni na waliopanga marumaru hayakuchongwa kwenye mlango wowote.

Isitoshe, wageni waliostaajabia taa hizo hawakubabaika. Mwaka wa 1885 Ujerumani ilidai maeneo ya bara ambayo Sultani aliyahesabu kuwa yake. Alipolalamika, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake. Mwaka huohuo dadake Salme, aliyetoroka 1866 na kuolewa na Mjerumani, alirejea kisiwani chini ya ulinzi wa manowari hizo. Barghash alikataa kumwona dada huyo aliyewahi kuyahatarisha maisha yake kwa ajili yake.

Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara na kumwachia Sultani visiwa pamoja na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mei 1887 alikubali shirika la Waingereza lililoongozwa na William Mackinnon lisimamie sehemu ya ukanda huo, ikiwemo Mombasa. Kupitia mlango huo ndipo ulipoingia utawala ulioleta reli, na reli ikauzaa mji wa Nairobi mwaka wa 1899.

Barghash hakuishi kuyaona hayo. Akiwa mgonjwa, alisafiri hadi Oman kutafuta nafuu, akarudi hali yake ikiwa mbaya zaidi na kufariki Zanzibar Machi 1888, akiwa na umri wa miaka 51 hivi.

Agosti 25, 1896, mwanawe, ambaye pia aliitwa Khalid, alijitangaza sultani bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zilishambulia makasri kwa muda usiotimia saa moja. Kama ilivyokuwa Marseilles mwaka wa 1859, mizinga ileile ya kigeni ilisambaratisha vioo, taa na sakafu za ukoo huo. Beit al-Ajaib lilinusurika. Maruhubi nalo liliteketea kwa moto mwaka wa 1899, na leo zimebaki nguzo na magofu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, na kwa miaka kadhaa Beit al-Ajaib lilikuwa makumbusho. Lilifungwa baada ya sehemu yake kubomoka mwaka wa 2012. Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati, upande mmoja uliporomoka pamoja na mnara wa saa na kuwaua watu.

Nairobi nayo ilipata sehemu yake ya urithi wa pwani, japo bila marumaru. Pumwani, mojawapo ya mitaa mikongwe zaidi ya Eastlands, ilipoanza katika miaka ya 1920, Waislamu waliozungumza Kiswahili walijenga huko Majengo nyumba za udongo za mtindo wa pwani, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku.

Marumaru na taa za Barghash zilikusudiwa kuwaonyesha wakubwa wa dunia kuwa yeye ni mwenzao, nao wakazitazama, wakazisifu na kumnyang'anya nchi. Lakini maji aliyoyavuta kutoka Chemchem hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Yaliingia mjini na kunywewa na maskini na tajiri.