Mt. Theresia na kamba ya shanga



Sisi tunaolea wadogo zetu au kufundisha watoto wa Utoto Mtakatifu tunajua: mtoto wa miaka mitatu akikataa, amekataa. Ukimfokea ndiyo kwanza anazidisha. Mimi nikichoka huwa namkumbuka Mt. Theresia wa Mtoto Yesu. Zile picha zake zenye mawaridi zinatudanganya, utadhani alizaliwa mpole.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 huko Alençon, Ufaransa. Mama yake, Zélie, aliandika katika barua zake kwamba binti huyu alikuwa mkaidi kweli kweli. Mambo yasipokwenda atakavyo anagaagaa chini, analia mpaka anapaliwa.

Walimsaidiaje? Kwanza, kusema kosa lake hakukumtisha. Siku moja alichana kidogo karatasi ya ukutani, naye akahimiza baba yake aambiwe upesi, maana aliamini akijishtaki mwenyewe atasamehewa. Halafu alikuwa na kamba ya shanga. Kila akiacha jambo analolitaka kwa ajili ya Yesu, anatia mkono mfukoni, anavuta ushanga mmoja. Alikuwa na miaka minne! Hapo ndipo ninapopapenda. Mtoto haelewi hotuba ya kujitawala, lakini ushanga anaushika.

Basi mama akafariki, tarehe 28 Agosti 1877. Theresia akawa mtoto wa machozi: analia, kisha analia tena kwa sababu amelia. Dada yake Pauline akawa mama wa pili, naye mwaka 1882 akaingia Karmeli. Mwaka uliofuata Theresia aliugua sana. Yaani mtoto akipoteza anayemshika mkono, hata alichokwisha kujifunza kinayumba. Tusimwite mdekaji haraka.

Ikafika Noeli ya 1886, anakaribia miaka 14. Wametoka Misa ya usiku, baba amechoka, akanung'unika kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho wa kumwekea zawadi kwenye viatu. Theresia akasikia akiwa ngazini. Dada yake Céline, alipoona machozi, akamshauri asishuke kwanza. Akayameza, akashuka moyo ukimdunda, akafungua zawadi kwa furaha hadi baba akacheka.

Mwenyewe alisema usiku ule alirudishiwa nguvu aliyoipoteza akiwa na miaka minne na nusu. Aprili 1888, akiwa na miaka 15, aliingia Karmeli ya Lisieux.