Macho Nayo Hufunzwa

Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Maisha ya Constance Babington Smith, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1912, yatuonyesha kuwa macho nayo hufunzwa.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliandikia jarida la The Aeroplane, akazijua ndege kwa mabawa na mikia yake. Vita vilipozuka alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Huko Medmenham, palipochunguzwa picha zilizopigwa kutoka angani, alikabidhiwa idara ya ndege.

Picha mbili za mahali pale pale zilitazamwa kwa lenzi pacha hata vitu vikaonekana vimeinuka. Vivuli vikachunguzwa, mabawa yakapimwa. Mwaka 1943, katika picha za Peenemünde, Ujerumani, aliona kidude chenye mabawa ya takriban mita 6, kisichofanana na ndege yoyote aliyoijua. Mwishoni mwa mwaka huo alikiona kingine juu ya mtambo wa kurushia ulioelekea baharini. Lilikuwa bomu lirukalo, V-1.

Mitambo ya namna hiyo iliyokuwa ikijengwa Ufaransa ikashambuliwa. Wajerumani wakajenga mingine, na tangu Juni 1944 mabomu hayo yaliua zaidi ya watu 6,000 Uingereza. Bila jicho lile, maafa yangezidi.

Alifariki mwaka 2000. Sisi wa lugha twalitambua neno geni kwa kuyazoea ya kawaida. Basi mwalimu asimharakishe mwanafunzi kutaja jina la kitu. Kwanza amfunze kukitazama.