Odilon Redon: Usiishie Kwenye Farasi wa Mauti



Kitabu cha Ufunuo kinatutisha wengi. Hata mimi frateri kilikuwa kinanitisha, na zaidi mwaka jana, kaka yangu alipofiwa na mtoto mchanga. Shahada ya falsafa ninayo, lakini pale msibani nilikosa hata sentensi moja ya kumwambia. Nilikaa kwenye mkeka na wanaume wengine, nikanyamaza. Ndiyo maana leo nawasimulia maisha ya mchoraji Mfaransa, Odilon Redon.

Alizaliwa Bordeaux mwaka 1840. Alikuwa mtoto dhaifu kiafya, akapelekwa kulelewa shambani kwa familia, Peyrelebade, na huko akakua mpweke. Ujanani alishindwa mtihani wa usanifu wa majengo. Mwaka 1870 akaenda vitani dhidi ya Prussia. Albamu yake ya kwanza ya litografia aliitoa mwaka 1879, akikaribia miaka 40. Yaani, alichelewa kweli! Kwa miaka mingi kazi zake karibu zote zilikuwa nyeusi: macho yanayoelea angani, vichwa visivyo na miili, buibui anayetabasamu.

Mwaka 1886 yeye na mkewe Camille walipata mtoto wa kwanza, Jean, yaani Yohane. Akafariki akiwa na miezi sita tu. Mwaka 1889 walimpata mwingine, Arï. Kisha mwaka 1897 shamba la Peyrelebade likauzwa, na utoto wake ukaenda nalo.

Baada ya hayo yote, mwaka 1899, ikatoka albamu yake ya Ufunuo wa Mtakatifu Yohane, iliyochapishwa Paris na Ambroise Vollard. Ina picha 12, ukiacha ya jalada. Kuna kitabu chenye mihuri saba. Kuna Mauti juu ya farasi. Kuna nyota inayoanguka kutoka mbinguni, na yule Mwanamke aliyevikwa jua, ambaye tunasomewa habari zake katika sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kuna malaika mwenye ufunguo na mnyororo. Halafu unakuja mji mtakatifu, na mwisho kabisa Yohane mwenyewe, shahidi aliyeona na kusikia.

Sasa angalieni jinsi litografia inavyofanyika. Msanii huchora kwa chaki yenye mafuta, jiwe hulowanishwa maji, kisha hupakwa wino, nao wino hushika penye mafuta tu. Basi weusi wote unaouona ni wino. Lakini mwanga haupakwi! Ni karatasi yenyewe, pale ambapo wino haukufika. Ilikuwapo tangu mwanzo, kabla ya giza lolote.

Simfanyi Redon mtakatifu. Ninachojua ni kwamba baba aliyemzika Yohane wake alikichora kitabu cha Yohane hadi sura ya mwisho, hakuishia kwenye farasi wa mauti. Baada ya hapo aliiacha kwa sehemu kubwa litografia nyeusi, akajaza miaka yake kwa rangi na maua. Alifariki Paris mwaka 1916, Arï akiwa vitani.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Usiku mmoja kaka akaniuliza mtoto wake yuko wapi sasa. Sikuleta falsafa. Nilifungua Ufunuo sura ya 21, nikamsomea polepole, hadi pale Mungu anapofuta kila chozi. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nirudie.

Rafiki yangu, kama wino umekufunika leo, usifunge Biblia katikati. Soma Ufunuo hadi mwisho. Na kama kuna mfiwa karibu nawe, nenda ukae naye, hata kama huna la kusema.

Ee Bwana, uwapokee watoto wetu waliotutangulia, na utufikishe sote kwenye mji wako mtakatifu. Amina.

Tuombeane.