Frei Otto, fundi wa kivuli

Kila nionapo kina mama wa Msambweni wakiuza samaki juani, humkumbuka Frei Otto. Mjerumani huyu alizaliwa 1925, akawa rubani vitani, kisha akafungwa kambi ya mateka Ufaransa. Huko vifaa vilikuwa haba, akajifunza kujenga kwa kidogo alichonacho. Baadaye akawa bingwa wa mahema mepesi. Paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich, 1972, lina mkono wake. Alibuni pia miavuli mikubwa ya kukunjwa. Mwanafunzi wake, Bodo Rasch, akaifikisha Msikiti wa Mtume, Madina: hufunguka jua likiwaka, hujikunja jioni. Mahujaji wetu wameswali chini yake. Otto alifariki 2015. Turubai na mabomba ya chuma yanauzwa hapo Ukunda. Kaunti yetu yangoja nini?