Gordon: Alitakiwa Kwenye Mizinga, Akapelekwa Kujenga

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, wako vijana wanaokuja kwa mchungaji wakiwa na huzuni. Alitaka kusomea udaktari, akapata nafasi ya kilimo. Alitaka chuo hiki, akapokelewa kile. Kwa ajili yao tukumbuke leo maisha ya Charles George Gordon.

Gordon alizaliwa tarehe 28 Januari 1833 huko Woolwich, karibu na London, Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa maaskari, na baba yake alikuwa afisa wa mizinga. Mwaka 1848, akiwa na miaka 15, aliingia chuo cha kijeshi cha Woolwich. Chuo hicho kiliandaa maafisa wa vikosi viwili: kile cha mizinga, na kile cha wahandisi, wanaojenga ngome na madaraja na kuchora ramani. Wakati ule katika vikosi vya miguu na vya farasi cheo kiliweza kununuliwa kwa fedha. Kwa mizinga na uhandisi haikuwa hivyo, ilibidi kusoma.

Kijana huyo alikuwa na kipaji cha kuchora ramani, lakini hasira yake ilikuwa kali. Alipokaribia kumaliza masomo, alishitakiwa kwamba alimpiga mwanafunzi mdogo kichwani kwa brashi. Wakubwa wa chuo walimrudisha nyuma miezi sita. Wenzake wakamtangulia, na nafasi ya mizinga, kazi ya baba yake, ikampita. Mwezi wa Juni 1852 alipewa cheo cha luteni wa pili katika kikosi cha wahandisi.

Tusikimbilie kusema kwamba Mungu ndiye aliyefunga mlango ule. Gordon aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, na adhabu ilikuwa ya haki. Lakini tuangalie Mungu alifanya nini na mlango uliobaki.

Kwa kuwa alikuwa mhandisi, mwaka 1854 alitumwa Pembroke, nchini Wales, kusaidia ujenzi wa ngome. Huko alipata urafiki wa afisa mmoja Mkristo na mke wake, akaanza kusoma Biblia kwa bidii. Imani hiyo hakuiacha tena. Mwaka 1855 alikuwa katika vita vya Krimea, akichora mahandaki mbele ya Sevastopol. Baadaye alipima mipaka ya nchi, na katika miaka ya 1863 na 1864 aliongoza jeshi huko China, ambako jina lake lilijulikana sana.

Tangu 1865 hadi 1871 alisimamia tena ujenzi wa ngome, huko Gravesend kwenye mto Thames. Jioni alifundisha wavulana maskini, akawalisha, akawavika, akawatafutia wengi wao kazi katika meli. Mkono uliompiga mdogo wa chuoni ulikuwa umejifunza kazi nyingine.

Mwaka 1874 alifika karibu na kwetu, akiwa liwali wa jimbo la Ekwatoria kwenye mto Nile, chini ya mtawala wa Misri. Alipewa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka; akakubali 2,000 tu. Alijenga vituo na kuchora ramani ya mto, na mwaka 1876 msaidizi wake Romolo Gessi alizunguka ziwa Albert, ziwa ambalo ndugu zetu wa Mahagi na Kasenyi wanaliona kila asubuhi. Kisha, akiwa liwali mkuu wa Sudan tangu 1877 hadi 1879, alipambana na wafanyabiashara wa watumwa.

Hakuwa malaika. Alitumikia wafalme waliotawala nchi za wengine, na mwaka 1884 huko Khartoum aliomba Zubayr, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, apewe utawala wa Sudan. Mwezi wa Januari mwaka huohuo alikuwa amekubali kuja Kongo kwa kazi ya mfalme Leopold II. Kabla hajaondoka, serikali ya Uingereza ikamtuma Khartoum, na huko akauawa tarehe 26 Januari 1885, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 52. Sisi tunajua utawala wa Leopold uliwatendea nini watu wetu kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo si kila mlango unaofungwa ni hasara.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo alizuiwa kuhubiri Asia, akazuiwa pia kuingia Bithinia. Alifika Troa bila kujua aelekee wapi, na kutoka hapo Injili ikavuka kwenda Makedonia. Paulo alizuiwa na Roho. Gordon alizuiwa na kosa lake. Bwana aliweza kuwatumia wote wawili.

Kijana, kama mlango umefungwa bila kosa lako, usikae chini ukilia mbele yake. Kama umefungwa kwa kosa lako, usimsingizie Mungu wala mwalimu. Nenda kwanza kwa yule uliyemkosea, umwombe msamaha. Kisha ingia pale ulipopokelewa, ufanye kazi ya mahali hapo kwa moyo wote.

Bwana awabariki.