Mtu Aliyewaza Breki za Sahani

Katika likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, aliye fundi wa magari, kutengeneza gari dogo la mbio la Kiingereza, la zamani, lililokaa bandani miaka mingi. Siku ya kulijaribu, mjomba alipokanyaga breki, gurudumu moja lilishika na la pili halikushika. Tulivutwa upande hata tukaingia mtaroni. Tulipona, lakini nilitetemeka sana.

Tulipofungua tuliona sababu. Breki za mbele zilikuwa za sahani: sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na kalipa huibana pande zote mbili, kama mtu abanavyo karatasi kwa vidole. Ndani ya kalipa mna pistoni zinazosukumwa na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya maji ya hewani, na pistoni moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Chapa ya kiwanda ilikuwa imefutika. Basi mjomba hakukisia. Aliipima pistoni kwanza, ndipo akaagiza pistoni na mipira mipya, maana kalipa huweza kufanana kwa nje na pistoni zake zisilingane. Nilimwuliza ni nani aliyewaza jambo hili. Akanitajia Frederick William Lanchester, nami nikaenda kusoma habari zake.

Lanchester alizaliwa London tarehe 23 Oktoba, 1868, mwana wa msanifu wa majengo. Alisoma Southampton na kisha London, akaacha masomo bila kupata shahada. Hata hivyo, gari lake la kwanza lilipita barabarani mwaka 1896, na mwaka 1899 kampuni yake ilianzishwa Birmingham. Nduguze, George na Frank, walifanya kazi pamoja naye.

Mwaka 1902 alipata hataza ya breki ya sahani. Wazo lilikuwa jema, lakini vifaa vya siku zile havikutosha. Vibanio vyake vilikuwa vya shaba; vilipiga kelele kali, na vumbi la barabara likavila upesi. Watengenezaji wakaendelea na breki za dramu.

Lanchester hakukaa bure. Mwaka 1907 na 1908 alitoa vitabu viwili juu ya elimu ya kuruka angani, na mwaka 1916 akaeleza kwa hesabu jinsi majeshi mawili yapunguzanavyo vitani. Lakini uzeeni aliugua, macho yakafifia, na mali hakuwa nayo. Alifariki Birmingham tarehe 8 Machi, 1946.

Miaka saba baadaye, mwaka 1953, gari la Jaguar lenye breki za sahani lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Breki za dramu hupata moto na kulegea. Za sahani hupoa upesi kwa kuwa zi wazi kwenye upepo. Kwa hiyo madereva wa Jaguar waliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wenzao. Tangu hapo zikaenea, na leo magari mengi yanazo.

Mwenye wazo hakuiona siku hiyo. Nasi tukiwaza jambo jema likakataliwa leo, tusiseme kazi imepotea. Wahenga walisema, kawia ufike. Mjomba alipolijaribu gari mara ya pili, lilisimama sawasawa, nami nilimkumbuka Lanchester.