Sam Barris: Fundi aliyekata paa la gari jipya na kuacha alama Marekani

Ukitaja magari ya kastomu ya Marekani, jina linalokuja haraka ni George Barris, yule aliyetengeneza gari la Batman lililoonekana kwenye televisheni mwaka 1966. Ila waulize wanaojua kazi ya bodi. Watakwambia fundi hasa wa chuma alikuwa kaka yake, Sam.

Sam alizaliwa Chicago mwaka 1924, mdogo wake George akafuata mwaka 1925. Wazazi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ugiriki. Mama alifariki watoto wakiwa bado wadogo, wakapelekwa kulelewa na ndugu zao huko Roseville, California.

Nyumbani kulikuwa na Buick ya mwaka 1925 iliyochakaa. Vijana wakapewa wao. Wakaitengeneza, wakaipiga rangi, wakaiuza na kununua Ford. Kazi ikaanzia hapo.

Vita yaisha, gereji yafunguliwa

Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, Sam aliingia jeshi la majini. George alihamia Los Angeles kufanya kazi ya magari. Sam aliporudi baada ya vita, akaungana naye.

Wakati ule jiji lilikuwa na vijana kibao waliotoka jeshini, wana hela kidogo na wanajua kushika spana. Ford za miaka ya 1930 zilikuwa bei chee.

Kulikuwa na makundi mawili. Watu wa hotrodi walitaka mwendo: walivua madigadi, wakaongeza nguvu ya injini, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Watu wa kastomu walitaka sura: gari liwe chini, refu, laini, bila mapambo ya kiwandani. Ndugu hawa walijulikana zaidi kwa kundi la pili.

Msumeno juu ya gari jipya

Sam alinunua Mercury ya mwaka 1949 ikiwa mpya. Muda si mrefu akaikata paa.

Kwa fundi, hiyo si kazi ya mchezo. Unakata nguzo zote zinazoshika paa, unalishusha, kisha unagundua hakuna kinachokutana tena. Paa la Mercury ile limepinda kila upande, kwa hiyo kioo cha nyuma lazima kilazwe na chuma kiungwe upya kipande kwa kipande. Ukikosea, gari jipya limekufa.

Kuziba viungo walitumia madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yakasambazwa kwa ubao na kupigwa tupa mpaka mkono usisikie kovu.

Gari lile likawa mojawapo ya Mercury za kwanza za aina hiyo kukatwa paa, na wengi wakaiga.

Baadaye gereji yao ikatoa nyingine iliyotikisa zaidi, Mercury ya 1951 ya mteja wao Bob Hirohata. Paa lilishushwa inchi 4 mbele na 7 nyuma, nguzo za katikati zikaondolewa kabisa. Ubavuni wakaweka mapambo ya Buick, nyuma taa za Lincoln, kisha rangi mbili za kijani.

Mmoja anaongea, mwingine anagonga

George alikuwa na kipaji cha kujitangaza. Alipiga picha, akaandikia majarida, akafahamiana na watu wa sinema. Sam alikuwa mtu wa nyundo na moto wa gesi. Ndiyo maana jina la mmoja lilifika mbali kuliko la mwingine.

Miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, Sam aliondoka akarudi kaskazini mwa California na familia yake. Desemba 1957 moto uliteketeza gereji na magari yaliyokuwemo. Sam alifariki kwa saratani mwaka 1967, akiwa bado katika miaka ya 40.

Kilichobaki

Fasheni ilibadilika haraka. Kastomu nyingi za zama zile ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikabadilishwa tena au zikaozea uani.

Mercury ya Hirohata ingeishia hivyo hivyo. Mwaka 1959 kijana aliyekuwa bado anasoma aliinunua kwa dola 500. Hakuiuza tena. Ilikaa gereji miaka mingi, kisha akaanza kuirudisha taratibu kama ilivyokuwa awali, na bodi aliyoichonga Sam ikabaki.

Mwaka 2017 gari hilo liliingizwa kwenye rejista ya taifa ya magari ya kihistoria nchini Marekani. Januari 2022 likauzwa mnadani Florida kwa zaidi ya dola milioni 2, ukijumlisha ada ya mnada.

Sam hakuiona hata senti ya hela hiyo. Lakini wanaotaka kujifunza kukata paa la Mercury bado wanaanza kwa kuangalia alivyofanya yeye.